Klabu Iliyouza Daftari Lake



Ukipita katika kijiji chochote jioni, utakuta vijana wanacheza mpira. Beki akiutoa mpira nje nyuma ya goli lake, wote hupiga kelele, "Kona!" Mpira huwekwa pembeni, ukapigwa. Hakuna anayeuliza sheria hiyo imetoka wapi. Wengi wetu tunadhani ilikuwapo tangu zamani, kama mvua na jua.

Sivyo. Sheria za mpira ziliandikwa na watu. Waliziandika kwa mkono, kwa kalamu na wino, katika daftari. Leo tutasoma habari za klabu moja ya Uingereza iliyofanya kazi hiyo mapema. Jina lake ni Sheffield Football Club, yaani Klabu ya Mpira ya Sheffield. Ilianzishwa mwaka 1857, na mpaka leo ipo. Inatambuliwa kuwa ndiyo klabu ya mpira wa miguu yenye umri mkubwa kuliko zote duniani.

Lakini usidhani ni klabu tajiri. Ni klabu ndogo. Wachezaji wake hupata malipo kidogo tu, na riziki yao huitafuta katika kazi nyingine. Mchana mtu yuko kazini, jioni yuko mazoezini. Basi imekuwaje klabu kongwe kuliko zote duniani ikabaki ndogo? Na imekuwaje jina lake likajulikana dunia nzima? Majibu yote mawili yamo katika somo hili.

MJI WA VISU

Sheffield ni mji ulioko kaskazini ya Uingereza. Tangu zamani ulisifika kwa kazi ya chuma. Mafundi wake walitengeneza visu, mikasi, misumeno na vyombo vya mezani. Katika karne ya 19 viwanda viliongezeka, watu wakahamia kwa wingi kutoka mashambani, na moshi ukatanda juu ya paa za nyumba.

Katika mji huo walikuwapo vijana wawili marafiki. Mmoja ni Nathaniel Creswick, aliyekuwa wakili. Wa pili ni William Prest, mfanya biashara ya mvinyo. Wote wawili walipenda mchezo wa kriketi. Lakini kriketi ni mchezo wa majira ya joto. Wakati wa baridi walikaa bure, na miili ikalegea. Wakafikiri: tufanye nini ili tubaki na nguvu mpaka kriketi irudi? Wakaona wacheze mpira wa miguu.

Tarehe 24 Oktoba 1857 wakaanzisha klabu. Mzee mmoja wa ukoo wa Ward aliwaazima kibanda cha kuoteshea miche katika barabara ya East Bank, pamoja na uwanja uliokuwa kando yake. Hapo ndipo palipokuwa ofisi yao ya kwanza. Kibanda cha miche! Hawakungoja jumba. Walianza na walichokuwa nacho.

MCHEZO WENYEWE ULIKUWA VIPI?

Mpira wa kupiga kwa mguu ulikuwapo Uingereza kwa mamia ya miaka. Lakini kila mahali ulichezwa kwa namna yake. Shule hii ilikuwa na sheria zake, na shule ile zake. Mahali pengine mtu aliruhusiwa kukimbia na mpira mikononi. Mahali pengine aliruhusiwa hata kumpiga mwenzie teke la ugoko makusudi, na watu waliona ni sawa tu!

Wenzetu wa Sheffield nao walipata shida ya namna nyingine. Hapakuwa na klabu nyingine ya kucheza nayo. Kwa hiyo walicheza wao kwa wao. Siku moja waliooa walishindana na wasiooa. Siku nyingine waligawana kwa kazi zao.

Watu wanaojuana wanaweza kucheza bila maandishi. Wakibishana, husuluhishana kwa maneno. Lakini mazoea yana kasoro moja: kila mtu huyakumbuka kwa namna inayompendeza yeye. Tena siku zile hapakuwa na refa mwenye filimbi kama leo. Nani angeamua?

WAKACHUKUA KALAMU

Basi wanachama wakaona ni lazima sheria ziandikwe. Mwezi Oktoba 1858 waliyapitisha maandishi ya sheria za mchezo. Sheria zenyewe zilikuwa 11 tu. Mwaka uliofuata, 1859, zilipigwa chapa katika kijitabu kidogo ili kila mwanachama aweze kuzisoma.

Hebu tuzitazame baadhi yake.

Sheria moja ilisema kwamba kusukumana kwa mikono kunaruhusiwa, lakini kumpiga mtu teke au kumtega ni marufuku kabisa, kwa hali yoyote iwayo.

Nyingine ilisema kwamba ni marufuku kuuokota mpira kutoka chini, isipokuwa ukiwa nje ya mstari. Lakini mchezaji akiudaka mpira kabla haujagusa chini, alipewa haki ya kuupiga bila kuzuiwa. Unaona? Siku hizo mikono bado ilikuwa imo mchezoni.

Nyingine ilisema kwamba goli lazima lifungwe kwa mguu.

Na sheria ya mwisho ilimtaka kila mchezaji awe na kofia mbili za kitambaa cha sufu, moja nyekundu na moja ya buluu nzito. Upande mmoja uvae nyekundu, upande wa pili uvae buluu. Jezi hazikuwapo. Mtu alimtambua mwenzie kwa kofia.

Tusiicheke sheria hiyo. Walikuwa wamekutana na tatizo la kweli: mtu kumpasia mpinzani wake akidhani ni mwenzie. Wakatafuta dawa, wakaiandika. Sheria nzuri huanza hivyo. Haishuki kutoka mbinguni. Hutoka katika shida ambayo watu wameiona kwa macho yao.

MAANDISHI YALILETA WAGENI

Sasa angalia jambo lililofuata. Kwa kuwa sheria zilikuwa zimeandikwa, mtu asiyekuwa mwanachama aliweza kuzisoma na kuzifuata. Mwaka 1860 kikundi cha pili kikaundwa huko Hallam, nje kidogo ya mji. Tarehe 26 Desemba 1860 klabu hizo mbili zilipambana katika uwanja wa Sandygate. Sheffield ilishinda kwa magoli 2 kwa 0. Hiyo inahesabiwa kuwa ndiyo mechi ya kwanza duniani baina ya klabu mbili za mpira wa miguu. Uwanja wa Sandygate ungali unatumika, na Hallam bado inachezea hapo.

Kufikia mwaka 1862 klabu katika eneo la Sheffield zilikuwa zimefika kama 15. Kumbe kijitabu kidogo kilifanya kazi kubwa! Kabla yake, watu walicheza na majirani wanaojuana. Baada yake, waliweza kucheza na watu wasiowajua, maana wote waliifuata karatasi moja.

MABISHANO NA LONDON

Mwaka 1863 wenyeji wa London waliunda Chama cha Mpira. Ndicho chama kinachoongoza mpira wa Uingereza hata leo. Katika mikutano yao ya kwanza yalizuka mabishano makali. Wengine walitaka ruhusa ya kukimbia na mpira mikononi na ya kumpiga mtu teke la mguu. Wengine walikataa. Mwishowe waliokataa walishinda. Klabu ya Blackheath ikakasirika, ikajitoa. Wao wakaendelea na mchezo wa mikono, ambao leo tunauita raga.

Klabu ya Sheffield iliandika barua London kujiunga na chama, na ikatoa maoni yake juu ya sheria. Hata hivyo haikuziacha za kwake mara moja. Mwaka 1867 klabu za Sheffield ziliunda chama chao wenyewe. Kwa miaka kadhaa Uingereza ikawa na sheria za aina mbili kubwa: za London na za Sheffield.

Je, walitukanana? Walichezeana. Mwezi Machi mwaka 1866 timu ya Sheffield ilisafiri kwenda London ikacheza na timu ya chama katika uwanja wa Battersea. London ilishinda. Mechi nyingine zikafuata. Katika kucheza kwao, kila upande uliona yaliyo mema kwa mwenzie.

Na hapa ndipo tunapoikuta kona yetu. Chama cha Sheffield kiliweka mkwaju wa kona katika sheria zake mwaka 1868. Mwaka 1872 London nayo ikaukubali. Hatimaye mwaka 1877 Sheffield ilikubali kufuata sheria za London, ambazo tayari zilikuwa na mambo yaliyotoka Sheffield. Sheria zikawa moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kijana wa kijijini kwako anapoweka mpira pembeni na kupiga kona, anafuata maandishi ya watu wa mji wa visu.

FEDHA ZINAINGIA

Mpira ulipendwa sana na wafanyakazi wa viwandani. Watu wakawa tayari kulipa kiingilio. Palipo na kiingilio pana fedha, na palipo na fedha pana maswali. Je, mchezaji alipwe?

Wengine walisema hapana, mchezo ni kwa ajili ya afya na furaha. Wengine walisema: ni rahisi kusema hivyo ukiwa wakili au mfanya biashara. Fundi wa chuma akiacha kazi siku moja ili asafiri na timu, mshahara wake hukatwa. Nani atawalisha watoto wake? Pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Mwaka 1885 Chama cha Mpira kiliruhusu wachezaji kulipwa. Katika mji wa Sheffield palikuwa na klabu nyingine, Sheffield Wednesday, iliyoanzishwa mwaka 1867. Jina hilo maana yake ni Jumatano, kwa kuwa waanzilishi wake walicheza kriketi siku ya Jumatano, wakati wao wa mapumziko. Klabu hiyo ilianza kulipa wachezaji mwaka 1887. Mwaka 1889 ikazaliwa nyingine, Sheffield United. Hizo mbili zikakua, zikajaza viwanja.

Klabu yetu ya kwanza ilikataa. Ilisema itabaki na wachezaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa. Wachezaji hodari wakaenda kwenye mshahara, na watazamaji wakawafuata. Aliyefungua njia akaachwa nyuma. Hilo ndilo jibu la swali letu la kwanza.

Hata hivyo haikufa. Mwaka 1904 ilitwaa Kombe la Ridhaa la Uingereza kwa kuifunga Ealing magoli 3 kwa 1. Mwaka 1977 ilifika fainali ya kombe la klabu ndogo, linaloitwa Vase, katika uwanja mkubwa wa Wembley huko London. Ilitoka sare 1 kwa 1 na Billericay Town, ikafungwa 2 kwa 1 katika mechi ya marudiano. Baadaye nayo ikaanza kuwapa wachezaji malipo kidogo, kama tulivyosema mwanzoni.

Shida yake kubwa ilikuwa uwanja. Kwa miaka mingi ilihama hapa na pale ndani ya mji iliouletea mpira, kama mpangaji asiye na kwao. Mwaka 2001 ikapata makao katika mji mdogo wa Dronfield, kusini ya Sheffield. Kwa hiyo klabu yenye jina la Sheffield ikawa inachezea nje ya Sheffield!

HESHIMA NYINGI, MFUKO MTUPU

Sasa dunia ikaikumbuka. Mwaka 2004 shirikisho la mpira la dunia, FIFA, lilikuwa linatimiza miaka 100. Lilitoa nishani kwa klabu mbili tu: Real Madrid ya Hispania na Sheffield Football Club. Moja ina mataji mengi na mali nyingi. Ya pili ina daftari.

Mwaka 2007 klabu ilitimiza miaka 150. Klabu maarufu ya Italia, Inter Milan, ilikuja Sheffield kucheza nayo. Inter ilishinda magoli 5 kwa 2. Pelé mwenyewe, mfalme wa mpira kutoka Brazil, alikuwapo siku hiyo kama mgeni wa heshima.

Lakini heshima haijengi uwanja. Nishani haikati nyasi wala hailipi bili ya taa. Klabu ilihitaji fedha ili isonge mbele. Wakajiuliza: tuna mali gani?

Walikuwa na mali moja tu kubwa. Ni yale maandishi ya wazee wao: kumbukumbu za mikutano ya zamani, rasimu ya sheria za mwaka 1858 iliyoandikwa kwa mkono, na kijitabu cha mwaka 1859. Kijitabu hicho ndicho nakala pekee inayojulikana kuwa imebaki. Kizazi baada ya kizazi mtu fulani aliyatunza. Vita viwili vikubwa vilipita, klabu ikahama mara kadhaa, lakini maandishi yalikuwapo.

Tarehe 14 Julai 2011 maandishi hayo yaliuzwa kwa mnada huko London. Bei yake ilifika pauni 881,250. Soma tena polepole: pauni laki nane themanini na moja elfu mia mbili na hamsini. Kwa karatasi kuukuu na wino uliochujuka!

Je, walifanya vema? Hapa watu wanatofautiana. Wengine wanasema: klabu ni watu walio hai. Karatasi zilizofungiwa sandukuni haziwafundishi vijana mpira. Afadhali ziuzwe klabu iishi. Wengine wanasema: daftari lile halikuwa mali ya viongozi wa mwaka 2011 peke yao. Lilikuwa la wazee walioliandika na la watoto watakaozaliwa. Fedha huisha, na kilichouzwa hakirudi.

Sisi hatutakuamulia. Tunasema hivi tu: swali hili gumu lisingekuwapo kama wazee wale hawakuandika. Asiyeandika hana cha kuuza wala cha kutunza.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, maandishi huondoa ubishi. Sheria ikiwa kichwani mwa mtu mmoja, mtu huyo ndiye sheria. Ikiwa katika karatasi, yeye pia iko juu yake. Hili ni kweli kwa timu ya mpira, na ni kweli kwa chama cha ushirika, kikundi cha akina mama cha kuweka akiba, au kamati ya kisima.

Pili, sheria chache zinazoeleweka zinatosha kuanza. Wale walianza na 11. Hawakuona aibu kuzibadili walipoona njia bora kwa wenzao.

Tatu, maandishi lazima yatunzwe. Tuseme kikundi kina daftari la mikutano, na daftari liko nyumbani kwa katibu. Katibu akihama, daftari limehama naye. Panya wakiingia, wamekula haki za watu wote. Heri nakala ziwe mbili, mahali pawili, na wanachama wajue zilipo.

Nne, na hili ni kwa kila aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima: usiseme, "Mimi mwandiko wangu mbaya, nitaandika nini cha maana?" Wale waliokaa katika kibanda cha miche hawakujua kwamba wanaandika historia. Walitaka tu mchezo wa Jumamosi usiwe na ugomvi. Waliandika jambo dogo kwa usahihi, wakaweka tarehe. Basi. Miaka ikaleta mengine.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ridhaa: kucheza kwa hiari, bila malipo.
Rasimu: maandishi ya kwanza kabla hayajapitishwa au kupigwa chapa.
Mnada: uuzaji wa hadhara, anayetaja bei kubwa ndiye anayepata.
Nishani: alama ya heshima anayopewa mtu au chama.
Nakala: maandishi yanayofanana na ya asili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini wanachama wa Sheffield waliona mazoea peke yake hayatoshi?
2. Mkwaju wa kona uliwekwa katika sheria za Sheffield mwaka gani? London iliukubali mwaka gani? Ilipita miaka mingapi?
3. Fundi wa chuma na wakili, kila mmoja angesema nini juu ya kulipa wachezaji? Wagawaneni pande mbili mjadiliane.
4. Ungekuwa mwanachama mwaka 2011, ungekubali daftari liuzwe? Toa sababu zako.
5. Je, kikundi chako kina sheria zilizoandikwa? Daftari liko wapi leo, na nani mwingine anajua lilipo?

KAZI YA KUANDIKA

Chagua jambo moja linaloleta ubishi katika timu, chama au kikundi chako. Andika sheria moja ya kulimaliza, isiyozidi mistari mitatu. Mpe mwenzio aisome bila wewe kumweleza. Akiielewa kama ulivyokusudia, umefaulu. Asipoielewa, iandike upya. Ukimaliza, weka tarehe chini yake.